Thetis Hakusahau Kisigino

Waulize watu waliosoma kidogo habari za Ugiriki ya kale Thetis alikuwa nani, na karibu wote watakupa jibu moja. Ni yule mama, watasema, aliyemshika mwanawe mchanga kisigino, akamchovya katika maji ya mto Styx ili mwili wake usipenywe na silaha, asikumbuke kulowesha pale alipomshikia. Mtoto akakua akawa Achilles, shujaa wa vita vya Troya, asiyedhurika kwa mkuki wala upanga, hadi mshale ulipompata palepale kisiginoni. Kano ya nyuma ya mguu imepewa jina la mwana katika vitabu vya udaktari. Mama naye ameachiwa sifa moja tu: mapenzi tele, akili haba.

Nina ugomvi na jibu hilo, na si ugomvi mdogo. Limemchukua mmoja wa miungu walioogopwa sana katika fikra za Wagiriki wa kale, likamfanya mwanamke aliyezembea kazi ya kuogesha mtoto. Baya zaidi, limembebesha yeye kifo ambacho waliokipanga ni wengine, nao walikuwa na sababu zao.

Tuanze na kisigino chenyewe, maana ndicho kilichomficha. Katika tenzi za Homer, Iliad na Odyssey, hakuna mtoto anayechovywa Styx na hakuna kisigino chochote. Habari ya kuchovywa tunaikuta waziwazi kwa Statius, mshairi wa Kirumi aliyeandika kwa Kilatini mwishoni mwa karne ya 1 BK, katika utenzi wa Achilleid ambao alikufa kabla hajaumaliza. Kati yake na Iliad, ambayo wataalamu wengi huiweka karne ya 8 KK, kuna takriban miaka 800. Katika muda wote huo Wagiriki walimwimba Thetis, wakamchonga, wakamchora kwenye vyombo vyao, wakamtolea sadaka, bila kumdai hesabu ya kisigino.

Tena Achilles wa Homer anatoka damu. Katika kitabu cha 21 cha Iliad anakutana kando ya mto na Asteropaios, mpiganaji anayetupa mikuki kwa mikono yote miwili. Mkuki mmoja unagonga ngao, wa pili unamparuza Achilles mkono wa kulia na damu nyeusi inaruka. Homer halishangai jambo hilo wala haonyeshi kwamba muujiza umevunjika. Na kabla ya hapo, Hector, shujaa wa Troya, alipomuua Patroclus, rafiki wa Achilles, na kumvua silaha za Achilles alizokuwa amezivaa, Achilles alishindwa kuingia vitani mpaka mama yake amletee silaha mpya kutoka kwa Hephaestus, mungu mfua vyuma. Mtu ambaye mwili wake haupenywi na chuma angekaa kusubiri dirii ya nini?

Wagiriki waliotangulia walikuwa na simulizi nyingine kuhusu jinsi Thetis alivyojaribu kumtoa mwanawe katika mauti. Apollonius wa Rhodes, aliyeandika karne ya 3 KK, anasema kwamba usiku alikuwa akimweka mtoto motoni ili moto ule sehemu yake ya kibinadamu, na mchana akimpaka ambrosia, chakula cha miungu. Kazi ilikuwa inaendelea. Usiku mmoja Peleus, baba mtoto, akaamka, akamwona mwanawe ndani ya ndimi za moto, akapiga ukelele. Thetis akamtupa mtoto chini akilia, akatoka mle nyumbani kama upepo, akarudi baharini na asirejee tena. Angalia ni nani aliyeharibu kazi: ni baba, kwa woga na kutojua. Simulizi la kisigino limekuja baadaye, likamwondoa baba katika lawama na kumwingiza mama. Badiliko hilo limepita kimyakimya, na sisi tunalirithisha watoto wetu kana kwamba ndilo neno la asili.

Watetezi wa picha iliyozoeleka wana hoja ya pili, na hii husikika hata kwa watu wenye elimu kubwa. Wanasema Thetis ni nimfa tu, mmoja wa mabinti 50 wa Nereus, mzee wa bahari, na mkewe Doris. Mabinti hao wanakaa vilindini, wanacheza juu ya mawimbi, wanasuka nywele. Si wa daraja la Hera wala Athena. Kwa hiyo, wanasema, usimkuze.

Mimi simkuzi. Anayemkuza ni Homer. Katika kitabu cha 1 cha Iliad, Achilles anamkumbusha mama yake jambo alilolisikia mara nyingi nyumbani kwa baba yake. Zamani Hera, Poseidon na Athena walikula njama ya kumfunga Zeus minyororo. Miungu mitatu mikubwa, mmoja mke wake, mmoja ndugu yake, mmoja binti yake. Hakuna mungu mwingine aliyejitokeza kumwokoa. Aliyekwenda ni Thetis. Aliliita juu Olympus lile jitu la mikono 100, lililoitwa Briareus na miungu na Aegaeon na wanadamu, likaketi kando ya Zeus likijivunia nguvu zake, na wale wala njama wakanywea, wakaiacha minyororo yao. Enzi ya Zeus, yaani mpango wote wa mbingu na nchi kwa imani ya Wagiriki, siku ile ilisimama kwa sababu ya huyu anayeitwa nimfa tu.

Wala hakumwokoa Zeus peke yake. Dionysus alipokimbizwa na mfalme Lycurgus akajitupa baharini akitetemeka, aliyempokea kifuani ni Thetis. Hephaestus alipotupwa na mama yake mwenyewe, Hera, aliyeona aibu kuwa na mwana kilema, waliompokea ni Thetis na Eurynome. Akakaa nao miaka 9 katika pango, akifua vikuku na vipini huku mkondo wa Okeanos ukivuma pande zote, na hakuna mungu wala mtu aliyejua alipo. Mara tatu mungu mkubwa anafikwa na hatari, na anayemwokoa ni yeye. Iliad haimpi sifa hiyo mungu mwingine yeyote.

Sasa tazama alilipwa nini. Wahenga wetu walisema shukrani ya punda ni mateke, nami sijaona mahali inapofaa kuliko hapa. Zeus aliyeokolewa minyororo ndiye aliyemtoa Thetis na kumwoza kwa nguvu kwa mtu wa kufa. Thetis mwenyewe anamwambia Hephaestus hivyo, katika kitabu cha 18, bila kuficha wala kupamba: kati ya mabinti wote wa bahari, yeye peke yake ndiye Zeus aliyemtiisha chini ya mwanamume wa kibinadamu, naye akavumilia kitanda cha mume kinyume kabisa cha matakwa yake. Sasa mume huyo amelala nyumbani, amechoka kwa uzee. Ndivyo anavyosema mke. Anayetaka kuita ndoa hii mapenzi aje na ushahidi unaozidi maneno ya aliyeolewa.

Kwa nini aliozwa? Homer hasemi moja kwa moja. Mshairi Pindar anasema, katika wimbo mmoja alioutunga baada ya vita vya Waajemi kumsifu mshindi wa michezo kutoka kisiwa cha Aegina. Zeus na Poseidon walikuwa wakishindana, kila mmoja akimtaka Thetis awe wake. Ndipo Themis, mungu mwenye kujua hukumu za mambo, akasimama katikati ya baraza na kutangaza yaliyoandikwa: mwana atakayezaliwa na Thetis atakuwa na nguvu kuliko baba yake. Akizaa na Zeus au na ndugu yake, mwana huyo atashika silaha kali kuliko radi na kuliko mkuki wa Poseidon wenye ncha tatu. Basi, akashauri, na aolewe na binadamu, amwone mwanawe akifa vitani. Wafalme wote wawili wakaitikia kwa vichwa.

Hapa ndipo penye kiini cha jambo, na ndipo simulizi la kisigino linapotuziba macho. Mbingu ya Wagiriki ilikuwa imeshapinduliwa mara mbili, kila mara na mwana dhidi ya baba. Kronos alimpindua Ouranos, Zeus akampindua Kronos. Zeus alijua kwamba zamu inaweza kumfikia, na alikuwa ameshammeza mkewe Metis kwa hofu hiyohiyo. Thetis alikuwa mama wa mapinduzi ya tatu. Katika tamthilia ya Prometheus aliyefungwa, ambayo kwa kawaida huhesabiwa kuwa ya Aeschylus, Prometheus akiwa amepigiliwa mwambani kwa amri ya Zeus ana silaha moja tu iliyobaki: siri ya ndoa itakayomwangusha Zeus. Jina la mke halitaji, lakini Wagiriki waliijua habari hiyo.

Kwa hiyo Achilles ni mtoto aliyepaswa kutawala mbingu, akanyimwa hata uzima wa milele ili wengine wakae salama katika viti vyao. Hukumu ya mauti yake ilikatwa barazani kabla hajatungwa mimba. Msomi wa Kimarekani Laura Slatkin alilieleza jambo hili kwa kina katika kitabu chake cha mwaka 1991, The Power of Thetis. Alionyesha kwamba Homer anaitegemea habari hiyo hata pale anapoinyamazia, na kwamba huzuni ya Thetis katika Iliad ni sura ya pili ya nguvu aliyonyang'anywa. Ukiisoma Iliad ukiwa na habari hiyo, kila chozi la Thetis lina mshitakiwa. Ukiisoma ukiwa na kisigino, mshitakiwa ni mwenye chozi.

Wachoraji wa kale hawakuwa na shaka kuhusu ndoa hii. Makumbusho ya Berlin yana kikombe cha kunywea mvinyo kilichochorwa na Peithinos, yapata mwaka 500 KK. Ndani yake Peleus ameinama, mikono yake imemzunguka Thetis kiunoni, na vidole vimefungamana vikaumba pambo la mistari inayokatana, kama kufuli. Thetis amesimama wima. Nyoka na simba mdogo wanamshambulia mwanamume, kwa sababu Thetis, kama viumbe wengi wa majini, alikuwa na uwezo wa kujibadili maumbo, na mchoraji hana njia nyingine ya kuonyesha mageuzi hayo isipokuwa kuwaweka wanyama wenyewe. Kufuli ile ya vidole ndiyo inayobaki machoni. Pindar naye anataja moto na kucha za simba ambazo Peleus alilazimika kuzishinda. Ovid, Mrumi, anasema ilibidi amfunge kamba akiwa usingizini. Hakuna hata mmoja kati yao anayesema mke alikubali kwa hiari.

Na harusi? Kwenye ule mtungi mkubwa wa François, uliotengenezwa na Ergotimos na kuchorwa na Kleitias yapata mwaka 570 KK, unaokaa sasa Florence, miungu yote inaandamana kwenda nyumbani kwa Peleus. Peleus yuko nje, anawapokea wageni. Dionysus anakuja na mtungi begani, uso umegeuzwa kwetu. Bibi harusi yuko ndani, ameketi nyuma ya mlango ulio wazi nusu, ameshika shela. Msafara ule ni mzuri, mkono wa Kleitias ni mwepesi ajabu. Lakini waliokuja kusherehekea ni walewale waliopiga kura.

Wapo watakaosema: haya ni mambo ya washairi, katika ibada Thetis hakuwa na uzito. Mwanahistoria Herodotus anawajibu. Mwaka 480 KK meli za Xerxes, mfalme wa Waajemi, zilitia nanga katika pwani ya Magnesia karibu na rasi ya Sepias. Dhoruba ikavuma siku tatu. Wanaokadiria kidogo kabisa, anasema, wanataja meli zisizopungua 400 zilizovunjika, na watu wasiohesabika. Wachawi wa Kiajemi, wale makuhani walioitwa Magi, wakachinja sadaka na kuimba kuutuliza upepo. Pamoja na upepo, wakamtolea sadaka Thetis na dada zake, kwa kuwa Waionia walikuwa wamewaambia kwamba hapo ndipo Peleus alipomnyakua na kwamba rasi yote ya Sepias ni mali ya Thetis na dada zake. Siku ya nne upepo ukakoma. Au pengine, anaongeza Herodotus kwa uangalifu wake, ulikoma wenyewe. Jeshi kubwa kuliko yote yaliyowahi kuonekana huko liliona busara kumwomba radhi mwanamke aliyedhulumiwa mahali pale. Wale watu wa kigeni walielewa upesi kitu ambacho wasomaji wa leo wanakikosa.

Sparta nako Thetis alikuwa na hekalu. Pausanias, msafiri wa karne ya 2 BK, anasema sanamu yake ya mti ilihifadhiwa humo kwa siri. Na katika mji huohuo, karne ya 7 KK, mshairi Alcman alitunga shairi kuhusu mwanzo wa ulimwengu. Shairi limepotea, ila kipande cha ufafanuzi wake kilipatikana kwenye mafunjo ya Misri na kuchapishwa mwaka 1957. Mfafanuzi anasema kwamba maada yote ilikuwa imevurugika, haina umbo, ndipo akatokea Thetis, na kwake yeye vitu vikaanza kupata njia na mpaka, kama shaba inavyopata umbo mikononi mwa fundi. Wasomi wanabishana iwapo mfafanuzi alimwelewa Alcman sawasawa. Kwamba palikuwapo mtu wa kale aliyeona Thetis anafaa kuwekwa mahali hapo, hilo halibishaniwi.

Picha iliyozoeleka haikujengwa na Statius peke yake. Mwaka 1811 Ingres, mchoraji wa Kifaransa, alitengeneza picha ya zaidi ya mita 3 kwenda juu, iliyoko sasa Aix-en-Provence. Zeus amejaza kiti cha enzi kama mlima. Thetis amepiga magoti, mwili laini usio na mfupa, mkono mmoja umepanda hadi kidevuni kwa mfalme. Ni picha ya mwanamke anayebembeleza. Mwaka 2004 filamu ya Troy ikampa Julie Christie nafasi ya Thetis, akawa mama mwenye huruma anayeokota kombe ufukweni, hana uungu hata chembe. Ingres anadhani anachora kitabu cha 1 cha Iliad, kwa hiyo turudi kitabu cha 1 tuone kilivyo.

Thetis anamkuta Zeus ameketi peke yake. Anakaa mbele yake, mkono wa kushoto unashika magoti, wa kulia unashika chini ya kidevu. Hiyo ni adabu ya kuomba kwa Wagiriki, kila mtu aliijua. Wafalme pia waliifanya. Achilles alikuwa amemwambia amkumbushe Zeus ile siku ya minyororo. Hamkumbushi. Anasema tu kwamba kama aliwahi kumfaa kwa neno au kwa tendo, basi na atimize ombi hili. Hana haja ya kueleza. Zeus ananyamaza. Anakaa kimya muda mrefu, na Thetis habandui mikono. Kisha anasema mara ya pili: niahidi kwa kichwa chako au nikatae, huna cha kuogopa, nipate kujua jinsi nilivyodharauliwa kuliko miungu wote. Ndipo Zeus anakasirika, analalamika kwamba ataingizwa katika ugomvi na Hera, halafu anakubali. Kichwa chake kikitikisika, Olympus yote inatetemeka. Thetis anaruka kutoka kwenye mwanga wa Olympus moja kwa moja hadi kilindini. Kazi imekwisha. Wagiriki wataanza kufa kwa maelfu mpaka mwanawe apewe heshima yake, na hakuna mungu wa upande wao, si Hera, si Athena, si Poseidon, atakayefaulu kulibatilisha lile tikiso la kichwa. Mwanamke anayebembeleza hasubiri jibu kwa mkono usiobanduka.

Najua ipo hoja moja nzito zaidi ya hizi zote. Ngano hazina toleo sahihi, wanasema. Kila zama husimulia upya, na kisigino cha Statius kina haki sawa na moto wa Apollonius. Nakubali. Statius alikuwa mshairi wa kweli na alikuwa na haki ya kutunga. Sisi tunaosimulia ndio tumekosa, kwa sababu kati ya matoleo yote tumelichagua moja, karibu la mwisho, tukalifanya ndilo pekee, na lililochaguliwa ni lile linalomtoa Zeus nje ya kesi. Hilo si jambo la bahati. Kila tunapokuta mtoto amekufa, sikio letu hutega kusikia mama alifanya nini. Simulizi la kisigino linatupatia jibu tunalolitaka. Toleo la Pindar linatulazimisha kuwauliza wakubwa waliokaa barazani, na swali la namna hiyo halijapata kupendwa popote.

Wengine husema: hata hivyo alishindwa. Mwana alikufa, mama akabaki analia, sasa nguvu hizo ziko wapi? Nenda kitabu cha mwisho cha Iliad. Achilles anaburura maiti ya Hector siku baada ya siku, na vita vimekwama. Miungu wanataka Hermes aende akaiibe maiti. Zeus anakataa, kwa sababu Thetis yuko karibu na mwanawe usiku na mchana, haiwezekani bila yeye kujua. Anamtuma mjumbe wake Iris akamwite. Thetis anasema anaona haya kuchanganyika na wasiokufa, amejaa uchungu; kisha anajitanda shela nyeusi, hakuna vazi jeusi kuliko hilo, anakwenda. Akifika, Athena anampisha kiti kando ya Zeus. Hera anamtia mkononi kikombe kizuri cha dhahabu na kumpa maneno ya kumfariji. Hao ni wawili kati ya wale watatu aliowashinda siku ya minyororo. Na Zeus anamwambia wazi kwamba amekataa habari ya kuiba maiti ili kulinda heshima na urafiki wake Thetis kwa siku zijazo. Bado anamhitaji, na bado anamchunga. Utenzi mzima ulianza kwa neno la Thetis kwa Zeus na hauwezi kwisha bila neno la Zeus kwa Thetis. Anayetaka kuniambia kwamba huyu ni mama tu aliyesahau kulowesha kisigino, aanze kwa kunieleza kwa nini Athena alisimama akampa kiti.